Jinsi ya kumsoma Mrepublican wa msimamo wa wastani kwa kura zake: mfano wa Kansas

Msomaji aliyekulia kwenye siasa za Dodoma au Nairobi akisikia kwamba mjumbe wa bunge la jimbo huko Marekani amepiga kura kinyume na chama chake, swali la kwanza huwa: sasa kiti chake kinabaki? Kinabaki. Tanzania mbunge akivuliwa uanachama, ubunge unakwenda nao. Kenya akijiuzulu chama kilichompeleka bungeni, kiti kinatangazwa wazi. Kansas mtu anaweza hata kuhamia chama pinzani katikati ya muhula na akaendelea kukalia kiti kilekile. Kwa hiyo mjumbe wa huko ana nafasi halisi ya kuwa "wa wastani". Shida ni kwamba jina hilo halitolewi rasmi wala halinyang'anywi. Anayelitaka hujibandika, na asiyelitaka hubandikwa na wapinzani wake. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kuliweka kando na kushika kura.

Tunatumia Kansas kwa sababu kati ya 2012 na 2020 ugomvi wa ndani ya Republican pale ulikuwa wa waziwazi, umeandikwa vizuri, na mara kadhaa matokeo yaliamuliwa na watu watatu au wanne tu.

Namba nne za kuweka juu ya ukurasa

Baraza la Wawakilishi la Kansas lina viti 125, muhula wa miaka 2. Seneti ina viti 40, muhula wa miaka 4. Mswada ukitaka kupita unahitaji 63 kwa wawakilishi na 21 kwa maseneta. Angalia vizuri: ni zaidi ya nusu ya viti vyote, si ya waliokuwa ukumbini. Aliyekwenda kunywa kahawa wakati kura inapigwa ameusaidia upande wa "hapana", apende asipende. Kubatilisha kura ya turufu ya gavana kunahitaji theluthi mbili, yaani 84 na 27. Marekebisho ya katiba ya jimbo yanahitaji 84 na 27 pia, kisha yanapelekwa kwa wananchi.

Bila namba hizi utaona marekebisho ya katiba yamepata "80 kwa 43" na kudhani hoja imepita kwa kishindo. Kumbe imeanguka.

Sasa chora jedwali lenye safu sita: tarehe, namba ya mswada, kilichokuwamo ndani siku hiyo, kizingiti, matokeo, na kura ya mtu wako. Safu ya tatu ndiyo watu huiruka, na ndiyo inayowaumbua. Tutairudia.

Kuchuja kura

Kikao kimoja huwa na kura nyingi mno, na sehemu kubwa hupita karibu bila mpinzani: barabara kupewa jina la askari aliyefariki, lugha ya sheria ya zamani kunyooshwa. Ukizijumlisha zote na kutafuta asilimia, mtu wa wastani na mtu wa mrengo mkali watatoka karibu sawa, kwa kuwa umehesabu sana yale wasiyogombania. Asilimia ya "utiifu kwa chama" ni takwimu rahisi kuitoa, na kwa kazi hii haina faida.

Chagua kura 12 hadi 15 kwa muhula. Kura iingie jedwalini ikitimiza walau masharti mawili kati ya haya matatu: pengo lake na kizingiti halizidi kura tano, Warepublican wenyewe waligawanyika, gavana alitia turufu au alitishia kutia.

Chukua mwaka 2017. Mei 2012 gavana Sam Brownback alisaini sheria iliyoshusha kiwango cha juu cha kodi ya mapato kutoka asilimia 6.45 hadi 4.9, na kuwafutia kabisa kodi hiyo wenye biashara ambazo faida yake huhesabiwa kama kipato cha mwenye mali. Waliofaidika na msamaha huo walizidi 300,000. Hazina ya jimbo ikapungukiwa. Fedha za barabara zikawa zinahamishwa kuziba mashimo ya bajeti, michango ya pensheni ya watumishi ikaahirishwa, na mwaka 2014 Moody's na S&P, kampuni zinazopima uwezo wa kulipa madeni, zote mbili zililishusha jimbo daraja la mikopo. Kwenye kura za mchujo za Agosti 2016 wahafidhina kadhaa waliokuwa bungeni waliangushwa na Warepublican wenzao, na bunge jipya likaingia Januari 2017 na nia ya kuirudisha kodi.

Februari 22, 2017, jaribio la kwanza la kubatilisha turufu ya Brownback lilipata 85 kwa 40 kwa wawakilishi. Kizingiti 84, yaani kura moja tu ya ziada. Seneti ikatoa 24 kwa 16; zilipungua tatu. Juni 6, kikao kikiwa kimeshapita siku 100, mswada mwingine wa kodi, SB 30, ulitiwa turufu, na siku hiyohiyo ukapata 88 kwa 31 na, Seneti, 27 kwa 13. Ishirini na saba kamili. Asingekuwepo mmoja, turufu ingesimama.

Weka orodha mbili za Seneti ubavu kwa ubavu, ya Februari na ya Juni, na upige mstari chini ya majina yaliyotoka "hapana" kwenda "ndiyo". Aliyesema "ndiyo" mara zote mbili na aliyehamia dakika za mwisho si watu wa aina moja. Wa kwanza alikuwa na msimamo juu ya kodi. Wa pili huenda alichoka, au alipewa kitu, au aliona bajeti ya shule haitafungwa. Magazeti ya Juni yaliwaita wote kwa jina moja.

Kura nyingine ya mwaka huohuo isiyokosekana: Aprili 3, jaribio la kubatilisha turufu dhidi ya upanuzi wa Medicaid, ile bima ya afya ya watu wa kipato cha chini. Wawakilishi 81 kwa 44. Zilipungua tatu.

Kilichokuwamo siku ile

Turudi kwenye safu ya tatu. Bunge la Kansas lina mchezo unaojulikana sana Topeka, mji mkuu wa jimbo: mswada ambao tayari umepita baraza moja hutolewa matumbo kama samaki. Ngozi na namba vinabaki, ndani hujazwa jambo lingine kabisa. Mtu aliyeupigia "ndiyo" mwezi wa pili, ukiwa wa leseni za madaktari wa mifugo, anaweza kuonekana mwezi wa tano ameunga mkono kitu ambacho hakijawahi kupita mezani kwake. Dalili ya kwanza ni neno "mbadala" kwenye kichwa cha mswada: mbadala wa Seneti kwa mswada wa wawakilishi, au kinyume chake.

Mchezo wa pili ni kufunga miswada kadhaa ndani ya ripoti moja ya kamati ya maridhiano, ile inayoundwa mabaraza mawili yakitofautiana. Ripoti hiyo hairekebishwi ukumbini. Inachukuliwa nzima au inaachwa nzima. Mjumbe anaweza kupenda vipande vinne na kuchukia cha tano. Kwa kura kama hiyo usiandike "aliunga mkono X". Andika "alikubali furushi lenye X", na orodhesha vilivyomo.

Namna ya kukagua ni hii. Kwenye tovuti ya bunge fungua ukurasa wa mswada, kisha historia yake. Kila toleo lina tarehe. Fungua toleo lililokuwepo siku ya kura yako, si la mwisho. Pembeni yake kuna muhtasari wa idara ya utafiti ya bunge. Huu ni dhahabu: kurasa chache, lugha nyepesi, unaeleza mswada unafanya nini na mara nyingi unataja nani walifika kamatini kuunga, kupinga au kutoa maelezo tu. Kuna pia tathmini ya gharama kutoka ofisi ya bajeti. Ukikosa muda, soma muhtasari na uache sheria yenyewe. Kumbuka bunge la huko huenda kwa miaka miwili miwili, kwa hiyo mswada wa 2017 unaweza kupigiwa kura 2018 kwa namba ileile. Miswada ya wawakilishi huanzia 2001, na hiyo ni namba wala si mwaka.

Mtego mbaya kuliko yote ni wa Machi 2012. Mswada wa kodi wa Brownback ulianguka Seneti kwa 20 kwa 20. Baadaye ukarudishwa na ukapita, baadhi ya maseneta wa wastani wakiamini kwamba kamati ya maridhiano ingeupunguza makali. Wawakilishi hawakuusubirisha, waliukubali toleo la Seneti kama lilivyo na ukaenda kwa gavana. Leo ukifungua orodha utawakuta watu walioukataa mpango ule wakiwa wameandikwa "ndiyo". Kura yao ni yao na lawama ni yao, lakini anayeandika kwamba walikuwa waumini wa sera ile amekosea. Kila mswada ukiwa na kura zaidi ya moja, chukua zote.

Karibu zaidi: kura moja ya Don Hineman

Don Hineman, mkulima na mfugaji wa Dighton, magharibi ya jimbo, aliwakilisha wilaya ya 118 kuanzia 2009 hadi mwanzoni mwa 2021, na muhula wa 2017 na 2018 alikuwa kiongozi wa walio wengi. Aliunga mkono upanuzi wa Medicaid. Februari 7, 2020 azimio SCR 1613, lililotaka katiba ya Kansas iseme kwamba haitoi haki ya kutoa mimba, lilifika kwa wawakilishi. Lilikuwa jibu kwa hukumu ya Mahakama ya Juu ya jimbo ya Aprili 2019. Matokeo: 80 kwa 43.

Piga hesabu. Warepublican walikuwa 84, kizingiti kamili. Wangekuwa 85, ila Stephanie Clayton wa Overland Park alihamia Democrat Desemba 2018. Warepublican wanne walisema "hapana": Hineman, Jan Kessinger, Bill Pannbacker na Tom Phillips. Themanini na nne toa nne ni themanini. Waliobaki kwenye 43 ni Wademocrat.

Hapa ndipo wengi huteleza. Wanaandika: "wanne hawa waliunga mkono haki ya kutoa mimba." Mjadala wa siku zile ulihusu pia tarehe, kwani azimio lilitaka wananchi wapige kura siku ya mchujo wa Agosti, ambapo wanaojitokeza ni wachache, badala ya uchaguzi mkuu wa Novemba. "Hapana" ingeweza kuwa juu ya jambo lenyewe, juu ya tarehe, au vyote. Kura peke yake haikuambii. Azimio kama hilo lilipita 2021, kwa bunge lililokuwa limebadilika watu. Agosti 2, 2022 wananchi walilikataa kwa takriban asilimia 59.

Kwa hiyo sentensi salama ni hii: "Alikuwa mmoja wa Warepublican wanne ambao kura zao zilizuia SCR 1613 kufikia 84." Unataka kuongeza sababu? Nenda ukaitafute alipoiandika.

Anapoandika, na asipoandika

Bunge la Kansas halina hansadi. Jarida rasmi la kila siku linaandika hoja na kura, si maneno ya mjadala. Aliyezoea kupekua hansadi ya Nairobi atapoteza nusu siku akiitafuta. Badala yake kuna vitu vitatu.

Cha kwanza ni maelezo ya kura. Mjumbe anaruhusiwa kuwasilisha aya fupi ya kueleza kura yake, nayo huchapishwa jaridani chini ya orodha ya majina. Watu wa wastani huitumia sana wanapokwenda kinyume na viongozi wao, au wanapomeza wasichokipenda. Soma za wengine walioitia saini pamoja naye: utawaona rafiki zake wa kweli.

Cha pili ni kamati. Nani mwenyekiti, nani makamu, nani ameondolewa. Mwaka 2018 seneta Barbara Bollier, daktari kwa taaluma, alivuliwa nafasi yake ya uongozi kwenye kamati ya afya baada ya kumuunga mkono mgombea wa Democrat. Desemba mwaka huohuo yeye na seneta Dinah Sykes walihama chama. Orodha ya kamati ya mwaka mmoja ukiilinganisha na ya mwaka unaofuata inakuonyesha adhabu ambazo hakuna taarifa ya habari iliyozitangaza.

Cha tatu ni rekodi za video za vikao, zilizopo kwa miaka ya karibuni. Tafuta dakika ya mswada wako kwa kutumia ratiba ya siku. Usikae kutazama kutwa.

Na kuna ukimya wa makusudi. Marekebisho mengi hupigiwa kura kwa sauti, bila majina, mswada ukiwa bado kwenye hatua ya mjadala wa ukumbi mzima. Bila wajumbe kudai majina yaandikwe, hutajua nani alisema nini. Hata mwandishi wa mswada anaweza asijulikane, maana miswada mingi Kansas huletwa kwa jina la kamati. Safu ya "mdhamini" ikiwa na jina la kamati, usimbambikie mwenyekiti.

Jambo dogo linaloharibu majedwali: orodha za kura hutumia jina la ukoo tu, na herufi ya kwanza pale majina yanapofanana. Wamewahi kuwemo akina Smith wawili kwa pamoja. Hakikisha kwa namba ya wilaya. Nayo ina lake: mipaka ilichorwa upya 2012 na 2022, hivyo wilaya ya 118 ya leo si lazima iwe na wapiga kura wale wa 2010. Ramani ya 2012 ilichorwa na majaji wa shirikisho, kwa sababu Warepublican walishindwa kukubaliana wao kwa wao.

Tazama Agosti, si Novemba

Kwenye wilaya nyingi za Kansas Novemba ni harusi tu. Ndoa imefungwa Agosti. Mchujo hufanyika Jumanne ya kwanza ya Agosti na umefungwa: aliyejiandikisha Republican hupiga kura ya Republican. Asiye na chama anaweza kujiunga siku hiyohiyo, lakini mwenye chama hawezi kuhama kuanzia Juni 1 hadi matokeo ya mchujo yathibitishwe. Kwa hiyo mtu wa wastani anapimwa na wapiga kura walio wahafidhina kuliko wilaya yenyewe. Agosti 2012 rais wa Seneti, Steve Morris wa Hugoton, aling'oka hivyo, pamoja na wenzake kadhaa.

Kwenye jedwali lako ongeza mstari wa kila mchujo: alikuwa na mpinzani? Alishinda kwa asilimia ngapi? Kisha tazama kura zake za miezi sita kabla na baada. Mtu anayekuwa mkali kila mwaka wa uchaguzi na kulegea mwaka unaofuata ameshakueleza mengi. Usimhukumu haraka, lakini andika.

Wastani wa mjini na wastani wa shambani

Usiwatie kapu moja. Mrepublican wa wastani wa kaunti ya Johnson, vitongoji vya Kansas City, kwa kawaida ameingia kwa suala la shule za umma: wazazi wamenunua nyumba pale kwa ajili ya shule. Wa magharibi au kusini ya jimbo anaweza kuwa mhafidhina kwenye bunduki na mimba, halafu akawa mstari wa mbele kwa Medicaid, kwa sababu hospitali ya mji wake inaning'inia. Hospitali ya Independence ilifungwa 2015, ya Fort Scott mwishoni mwa 2018. Kwa mbunge wa shambani, hospitali ikifungwa maana yake ni mwendo wa saa nzima na mama mwenye uchungu ndani ya gari. Kwa hiyo panga kura zako kwa mafungu: kodi, shule, afya, haki za kijamii, silaha, mahakama. Ukipata mtu wa wastani kwenye yote sita, umepata mnyama adimu.

Kazi yake ya kila siku nayo iandikwe. Kabla ya nyongeza iliyoanza 2025, wajumbe walilipwa dola 88.66 kwa siku ya kikao, kwa hiyo karibu wote walikuwa na shughuli nyingine: ukulima, uwakili, udaktari, au pensheni.

Alama za vikundi

Chama cha wafanyabiashara cha jimbo, chama cha walimu, wapinga utoaji mimba na wapigania kodi ndogo wote hutoa alama kwa wajumbe. Zitumie kinyume na wanavyotaka. Usichukue alama, chukua orodha ya kura walizochagua kuhesabu. Kikundi hakipotezi nafasi kwa kura isiyo na maana, kwa hiyo kura inayotokea kwenye orodha mbili za vikundi vinavyochukiana inastahili kuingia jedwalini kwako. Tahadhari moja: vikundi vingine huhesabu kutokuwepo kama kosa. Mtu aliyelazwa hospitali wiki mbili anaweza kushuka alama kama msaliti.

Kwa anayeishi huko

Kuna familia za Wakongomani na wengine wa Afrika Mashariki huko Wichita na Kansas City. Kura ni ya raia tu, lakini maoni kwa kamati hayadai uraia. Tafuta mswada, angalia umepangiwa kamati gani na siku gani, kisha mwandikie msaidizi wa kamati. Maoni hutumwa kama faili la PDF, mara nyingi siku moja kabla ya kikao, ukichelewa hayasambazwi. Ukurasa mmoja unatosha: jina, mji, namba ya mswada, uko upande gani, na mfano mmoja wa jinsi unavyokugusa. Andika Kiingereza, au ambatisha tafsiri. Maoni hayo huwekwa hadharani mtandaoni na jina lako, kwa hiyo futa anwani ya nyumbani na namba ya simu kabla ya kutuma.